KUMFUNDISHA MTOTO KUTELEZA THELUJINI
(Hotuba kwa wazazi wa Kapseret)



Huenda mtu akauliza, "Kapseret na theluji wapi na wapi?" Basi na akumbuke kuwa Bwana Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret, alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1996 alikwenda Ufini kujifunza kuteleza kwa mbao, naye ni mtu mzima. Mwaka 1998 alishindana katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mbio za kilometa 10. Alifika wa mwisho. Lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngojea akamkumbatia.

Bibi Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, alifunzwa Austria tangu utotoni, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang. Mtoto hujifunza upesi kwa kuwa haogopi.

Basi mwanzoni asipewe fimbo, ili miguu yake ijifunze kumchukua. Afunzwe kuanguka kwa ubavu na kuinuka mwenyewe. Kisha, katika mteremko mdogo, akutanishe ncha za mbele za mbao na kutanua visigino. Ndivyo mwendo upunguavyo.

Huku kwetu Bwana Boit alijizoeza kwa mbao zenye magurudumu. Mtoto atakayejaribu hayo avae kofia ngumu, mahali pasipopita motokaa.

La mwisho, wazazi wenzangu: msimcheke aangukapo. Amchekaye mwanafunzi humfundisha woga, na woga huo huchukua muda mrefu kumtoka.