Daftari la Mfanyabiashara



Mwezi Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifunga Benki ya Wananchi Mbinga kwa upungufu wa mtaji. Ikiwa benki yenye wahasibu imefikwa na hayo, itakuwaje kwa duka la Mbamba Bay lisilo na daftari?

Sisi walimu huyaona haya tunapoombwa kukadiria zaka. Tunamwuliza mchuuzi wa usipa: mali iliyopo ina thamani gani? Unamdai nani, nani anakudai? Hunyamaza. Mauzo, karo na kitoweo vyote hutoka mfuko mmoja. Basi asilimia 2.5 ya nini?

Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni liandikwe pamoja na muda wake. Nasi twakopeshana "mpaka kahawa iuzwe", bila hata karatasi! Bei ikianguka, undugu nao huvunjika.

Kila jioni yaandikwe mauzo, manunuzi na madeni. Mwenye duka ajipangie ujira wake, asiuzidishe; mtaji usiguswe kwa harusi wala msiba.

Ijumaa ijayo, baada ya Swala, wenye madaftari wabaki tuhesabu pamoja.