KUSAHIHISHA PICHA BILA KUMVUNJA MOYO ALIYEIPIGA



Zamani mtu aliyetaka picha ya uso wake alivaa nguo zake njema, akaenda mjini kwa fundi, akaketi mbele ya pazia, akalipa fedha zake. Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na kijana aweza kumpiga bibi yake picha mlangoni kabla chai haijapoa. Wapigaji wamekuwa wengi, lakini wasahihishaji wema ni wachache. Kwa hiyo yafaa kufikiri juu ya kazi ya mtu anayeletewa picha na kuulizwa, "Je, ni nzuri?"

Swali hilo ni fupi, lakini jibu lake lina uzito. Na iwe mfano: kijana amempiga picha bibi yake, mzee ambaye maisha yake yote hakupigwa picha ila ile ya kitambulisho. Uso umeingia giza, na nguzo ya nyumba yaonekana kama imeota kichwani. Kijana awaonyesha watu wawili. Wa kwanza acheka na kuuliza, "Huyu ni bibi au ni kivuli chake?" Kijana aifuta picha, wala hataki tena kushika kamera. Au tuseme amemwendea wa pili peke yake. Huyo, kwa kuogopa kumwudhi, asema, "Nzuri sana!" Kijana afurahi, na picha zake zote huwa za namna ile ile. Siku bibi akifariki, jamaa watafute picha ya kutundika ukutani, wasione hata moja inayoonyesha macho yake. Mmoja alidhihaki na mwingine alisifu, lakini hasara waliyoileta ni moja.

KWANZA KUTAZAMA, KISHA KUULIZA

Msahihishaji mwema haharakishi. Huitazama picha kwa utulivu, kisha huuliza, "Ulitaka kuonyesha nini? Ulisimama wapi, na jua lilikuwa wapi?" Maana kosa hupimwa kwa kusudi la mtu. Ikiwa kijana alitaka kuonyesha mikunjo ya uso wa mzee, mwanga wa ubavuni wafaa sana. Ikiwa alitaka uso laini wa bibi arusi, mwanga huo huo si mzuri.

Baadaye hutaja lililo jema, na kulitaja waziwazi: "Mikono yake imetulia pajani, na macho yake yakutazama bila hofu." Huko si kumbembeleza. Mwanafunzi asiyejua alichofanya vema aweza kukiacha kesho, akidhani ndicho kosa lenyewe.

NENO LINALOTENDEKA

Kusema "picha mbaya" si kusahihisha, kwa sababu hakuna awezaye kulitenda neno hilo. Sahihisho la kweli hutaja kitu kilichomo katika picha, na sababu yake, na la kufanya siku nyingine.

Uso wa giza ni kosa la kwanza kwa wengi. Wako wanaodhani kuwa sababu ni weusi wa ngozi, na hilo si kweli. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake. Ikikuta kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa au mbingu angavu, hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Uso nao hubaki gizani. Tena katika karne ya 20, kwa miaka mingi, kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na rangi za picha zikasawazishwa kwa kufuata ngozi yake. Basi aibu hiyo si ya bibi wala ya mjukuu. Dawa yake ni kumtoa mzee katika jua la saa sita, kumketisha kivulini karibu na mlango, uso wake ukielekea nje kwenye mwanga, kisha kugusa uso huo kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo.

Makosa mengine dawa zake ni nyepesi. Nguzo iliyoota kichwani huondoka kwa hatua moja ya ubavuni. Pua iliyokuzwa kupita kiasi yaonyesha kuwa kamera ilikuwa karibu mno. Mpigaji arudi nyuma hatua mbili. Mzee aliyeketi akipigwa kutoka juu huonekana mdogo na mnyonge. Mpigaji apige goti, kamera ilingane na macho yake.

Lakini asiambiwe yote kwa siku moja. Mambo mawili yatosha. Tena asisahihishwe mbele ya kundi la watu, wala sura ya aliyepigwa isifanyiwe mzaha, maana sura si kazi ya mpiga picha.

MFANO WA BAMAKO

Seydou Keïta wa Bamako, katika nchi iitwayo sasa Mali, alijifunza useremala, wala si upigaji picha. Mwaka 1935 mjomba wake alimpa kamera ndogo. Kazi ya kusafisha picha alifundishwa na waliomtangulia, mmoja wao akiwa mwalimu wa shule, Mountaga Dembélé. Mwaka 1948 alifungua studio yake, akawapiga watu kwa mwanga wa jua, mbele ya vitambaa vya maua. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris, na leo nyuso za watu wa Bamako zatazamwa katika nchi nyingi. Alianza bila kujua, kama wote waanzavyo, na wakubwa wake wakamwonyesha njia.

Wahenga walisema: kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini atawezaje mtu kuacha kosa asiloonyeshwa, au atarudije kazini ikiwa amechekwa? Kijana yule na aambiwe mambo yake mawili kwa upole, kisha arudi nyumbani leo hii, amwombe bibi ruhusa, amketishe karibu na mlango, apige goti mbele yake. Kamera itangoja hata mwakani, lakini bibi ni mzee.