Sakafu ya Mgodi Nayo Huinuka

Tukitaja hatari za migodi ya makaa ya mawe, mawazo ya wengi huenda juu: dari litaporomoka, mwamba utawafunika watu. Leo nawaomba tutazame chini, kwenye sakafu, maana nayo huinuka.

Hilo si fumbo. Njia ya mgodini iliyochimbwa kwa kimo cha mita tatu yaweza, baada ya miezi kadhaa, kubaki na mita mbili, na dari halijashuka hata kidogo. Utakuta reli zimepinda na mfereji wa maji umezibwa.

Sababu yake yaeleweka kwa hesabu ya kawaida. Mita moja ya ujazo ya mwamba ina uzito wa tani mbili na nusu hivi. Basi kwenye kina cha mita 400, kila mita ya mraba imebeba kama tani 1,000. Wachimbaji wakiondoa nusu ya makaa, nguzo za makaa zilizobaki hubeba mzigo wote, yaani kama tani 2,000 kwa kila mita ya mraba. Na chini ya makaa aghalabu hakuna jiwe gumu. Kuna udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ule ule ambamo mimea iliyogeuka kuwa makaa ilitia mizizi yake mamilioni ya miaka iliyopita. Nguzo hudidimia humo kama miguu ya kiti kwenye matope, na udongo uliosukumwa hutafuta penye nafasi. Nafasi iliyopo ni njia yenyewe. Maji yakituama hapo, udongo hulainika na kazi huwa imeharibika.

Waingereza wa kaskazini-mashariki waliyajua haya zamani. Huko Wallsend, karibu na Newcastle, mhandisi msimamizi John Buddle alikabiliana na uvimbe ambao ukianza mahali pamoja hutambaa na kuenea mgodini, na makaa ya nguzo hupotea. Mwaka 1810 alianza kuugawa mgodi sehemu sehemu, kila moja ikizungukwa na ukuta mnene wa makaa usioguswa, ili ugonjwa wa huku usiambukize kule.

Lakini dawa iliyozoeleka ni kuikata sakafu iliyovimba na kuitoa nje. Wakati mwingine hapana budi. Hata hivyo, kila ukikata unaondoa tabaka lililokuwa likikandamiza lile la chini yake, nalo huinuka kwa zamu yake. Tena kazi hiyo haitoi hata debe moja la makaa, kwa hiyo ni rahisi mkubwa wa mgodi kuiahirisha hadi mwezi ujao. Mwezi ujao njia imezidi kuwa nyembamba, hewa inapita kwa shida, gesi ya methani haifagiliwi inavyopasa, na mchimbaji anayetakiwa kukimbia moto atakimbia ameinama.

Tiba yenyewe huanza mapema: kuyaondoa maji, kuacha nguzo pana, kuipitisha njia mbali na mahali palipolemewa. Pakishindikana, matao ya chuma yanayoshika dari na kuta hufungwa pia kwa chini, kwa boriti iliyopinda, yawe duara kamili. Ni gharama, sikatai.

Sisi Tanzania tuliingia chini ya ardhi huko Kiwira, katika mgodi uliofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China. Makaa ya Ngaka, mkoani Ruvuma, huchimbwa kwa shimo la wazi, na huko jambo hili halisumbui hivyo. Lakini siku mchoro wa mgodi mwingine wa chini utakapoletwa mezani, mimi ningeuliza kabla ya kuuliza bei ya tani: chini ya makaa hayo kuna udongo gani, na fungu la kuitunza sakafu limeandikwa ukurasa wa ngapi?