Kuiunda Tabora Juu ya Meza



Gerezani ni jirani ya stesheni, na watoto wake wamezoea sauti ya gari la moshi. Wengi hujiundia magari kwa makopo na waya. Leo nawaalika kuunda mji mzima wa njia panda ya reli, nao ni Tabora.

Reli kuu ya zamani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwaka 1928 tawi la kaskazini likafika Mwanza. Kwa miaka mingi gari moja litokalo pwani lilikatwa Tabora: mabehewa mengine yakaenda Kigoma, mengine Mwanza.

Kwanza, chagueni kipimo. Kati ya chuma na chuma cha reli hiyo ni mita 1. Mita 1 ikiwa sentimita 2, behewa la mita 12 litakuwa na sentimita 24. Lakini toka pwani hata Tabora ni zaidi ya kilometa 800. Kwa kipimo hicho zingekuwa zaidi ya kilometa 16, na hapana chumba cha kuzienea. Basi acheni safari, jengeni stesheni.

Pili, msianze na majengo. Anzeni na kazi. Tandikeni njia kuu, na kando yake njia ya pembeni iliyoungana nayo ncha zote mbili. Ncha moja ikizibwa, kichwa kiingiacho humo hufungiwa na mabehewa yaliyo nyuma yake. Kisha toeni tawi la Mwanza.

Mabehewa ya Mwanza yafungwe nyuma. Gari likifika, yakatwe. Kichwa cha kwanza kiende Kigoma na yaliyo mbele, na kichwa cha pili, kilichokuwa kikingoja pembeni, kiyachukue yaliyobaki. Yakichanganyika, mtayavuta mbele na nyuma hata usiku uingie.

Tatu, reli hii ni ya njia moja, na magari mawili hayapishani ila penye njia ya pembeni. Basi wekeni kijiti kimoja kwa kila kipande cha njia; asiyekishika asiondoe gari. Mezani, anayevunja sheria hiyo huangusha makopo. Relini, huua watu. Mtoto aliyeizoea sheria hii katika mchezo atafahamu kwa nini abiria hungojeshwa stesheni pasipo kuona sababu, naye hatanung'unika.