Meza Moja ya Baba, Mama na Watoto

(Hotuba fupi iliyotolewa katika chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani, Kwa Mrombo, Arusha)



Nimeombwa niseme machache. Nitasema juu ya kula nje pamoja na familia, nami nitaanza na Waitaliano, kwani katika jambo hili wana somo la kutufundisha.

Waitaliano wana mgahawa wauitao trattoria. Si hoteli ya fahari. Mara nyingi ni nyumba ya chakula ya mtaani, inayoendeshwa na watu wa ukoo mmoja, na wateja wake ni majirani. Humo utamkuta bibi, wazazi na mtoto mchanga mezani pamoja. Chakula chenyewe ni cha watu wa kawaida. Piza ilikuwa chakula cha maskini wa Napoli kabla haijaenea duniani. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapishi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini tazameni kilichomo katika sahani. Ngano twailima Karatu na Monduli. Nyanya zimejaa Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Vitunguu vya Mang'ola vinajulikana hadi ng'ambo ya mpaka. Tena nyanya ni mgeni hata huko Italia: asili yake ni bara la Amerika, nayo ilifika Ulaya katika karne ya 16. Tambi nazo, ndugu zetu wa pwani huzipika kwa sukari, nazi na iliki, wala hakuna awaitaye Waitaliano.

Sisi wa Kwa Mrombo tunacho chetu, nacho ni nyama choma. Mtu huchagua kipande, kikapimwa kwa kilo, kikawekwa juu ya mkaa, kisha kikakatwakatwa juu ya ubao na kuletwa pamoja na ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili. Chakula hiki, kama piza, huwekwa katikati na kila mkono ukafika. Tofauti ni moja tu, nayo ni nani wameizunguka meza. Siku nyingi utaona wanaume watupu.

Mwaka jana nilikuja huku Jumapili mchana na mke wangu, wanangu wawili na mtoto wa jirani, wa darasa la sita. Yule mtoto alikula vizuri, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, baba huwa anakaa kiti kipi?" Alitaka naye akikalie. Sikuwa na jibu la kumpa.

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali, naujua mshahara ulivyo. Sisemi kila wiki. Nasema kwamba mara moja kwa mwezi, fedha ile ile ya Jumamosi ya marafiki iwe ya nyumbani. Kama ni mgahawa wa Kitaliano mjini, piza moja kubwa hugawanywa vipande, na kila mtoto akapata soda yake. Kama ni hapa, kilo moja na nusu yatosha. Mtoto atajifunza kumsalimu mhudumu, kusoma bei, kungoja na kumwachia mdogo wake kipande kizuri. Na mama siku hiyo hapiki wala haoshi vyombo.

Nanyi vijana, bwalo la shule linawafundisha kula na mtu msiyezaliwa naye. Ni elimu kubwa, lakini ni nusu. Siku mtakapopokea mshahara wa kwanza, kabla hamjawaita rafiki zenu, waulizeni wazazi na wadogo zenu wangependa kula nini, kisha mketi nao.