Muulize Kwanza Usingizi Wake

Tuseme unatunza wazee huko Marekani.

Unamhudumia bibi wa Kichina, San Francisco au New York. Ukimuuliza kama ana huzuni, anakataa. Lakini halali. Chakula anakionja tu. Kifua kinabana, kichwa kinauma, na vipimo havionyeshi kitu.

Usiishie hapo. Kwa wazee wengi waliohamia kutoka China, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, hujitokeza mwilini. Kutaja ugonjwa wa akili ni jambo zito. Wengi huona ni aibu ya ukoo mzima. Hata kwetu tunalijua hilo.

Kwa hiyo, muulize kwanza usingizi. Muulize anakula nini, na anakula na nani. Hilo la mwisho ni kubwa. Wengi waliwafuata watoto wao ili walee wajukuu. Sasa wajukuu wamekua, na bibi anashinda peke yake mchana kutwa.

Hali hiyo ya kutolala na kutokula ikifika wiki mbili, mwambie muuguzi. Ombeni mkalimani, tena wa lugha yake hasa: anayesema Kikantoni huenda asielewe Kimandarini. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kutoa mkalimani bure. Mjukuu asitafsiri. Bibi hatayasema mbele yake yanayomuumiza.

Narudia: anza na usingizi, anza na chakula.

Na akisema amechoka kuishi, usingoje zamu iishe. Mwite msimamizi wako, kisha piga 988: tisa, nane, nane. Simu hupokelewa usiku na mchana, na mkalimani hupatikana.