Simu ya Mkopo Haijui Msimu wa Kahawa

(Mada niliyoiwasilisha kwenye kikao cha vijana wa chama, kata ya Ukata, wilaya ya Mbinga. Nimeiacha kama nilivyoisema, nimepunguza salamu tu.)

 

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie haki za mtumiaji wa mawasiliano. Ni mada ndefu, na mimi ni mwanafunzi wa sheria, nikiachiwa nitawasomea vifungu mpaka giza liingie. Kwa hiyo nimechagua kitu kimoja ambacho kila mmoja hapa ama anacho mfukoni, ama anakitamani: simu janja ya kulipia kidogo kidogo.

Tuanze na hesabu, maana siasa bila hesabu ni kelele. Namba hizi ni za mfano, sio za kampuni yoyote. Simu dukani inauzwa 250,000 taslimu. Wakala anakwambia: wewe lete 60,000 ya kuanzia, halafu 1,200 kwa siku, mwaka mmoja. Elfu na mia mbili! Bei ya soda na andazi. Sasa zidisha. 1,200 mara siku 365 ni 438,000. Ongeza ile 60,000 ya mwanzo, umelipa 498,000. Simu mbili kasoro 2,000, na mkononi unayo moja.

Halafu angalieni kitu kingine. Ulichokopeshwa sio 250,000, maana 60,000 ulishaitoa. Umekopeshwa 190,000 na unarudisha 438,000. Mtu angekuja hapa kijijini kukopesha hivyo, tungemwita jina lake halisi. Ila huyu amevaa fulana yenye nembo na ana meza ya mwamvuli, basi tunampa kitambulisho cha NIDA huku tunacheka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala lisiwe "kwa siku shilingi ngapi?" Muulize: mpaka namaliza, jumla yote nimetoa ngapi? Akikwepa, ondoka.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi, nalo ni kalenda. Mpango wa kulipa kila siku umetengenezwa kwa mtu anayepata kila siku. Jirani zetu Kenya, Safaricom walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo pamoja na Google mwaka 2020, malipo yalitangazwa kuwa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Kwa bodaboda wa Nairobi au wa Kariakoo inaingia akilini: asubuhi ana abiria, jioni ana hela. Hata mama anayeuza dagaa kule Mbamba Bay au Lituhi anaweza kwenda nayo, mpaka upepo uchafuke ziwani na mitumbwi isitoke siku nne. Lakini sisi huku juu tunalima kahawa. Tunavuna kuanzia katikati ya mwaka, tunapeleka AMCOS, tunasubiri mnada, tunasubiri malipo. Februari mkulima wa Ukata yuko kwenye ngoro zake na mfuko mtupu, ila simu inadai 1,200 ya leo. Usipolipa inajifunga. Ikijifunga hupokei hata ujumbe wa AMCOS kukwambia hela imeingia.

Hapo sheria nayo imeachwa nyuma. Nchi yetu ina Sheria ya Ukodishaji-Ununuzi tangu miaka ya 1960, enzi za cherehani, baiskeli na redio. Wakati ule, muuzaji akitaka kuchukua mali yake ilibidi aje mpaka mlangoni kwako. Mngeonana uso kwa uso, majirani wangesikia, mwenyekiti wa kijiji angeitwa, na ungeweza kubishana. Leo hakuna anayekuja. Mtu wa Dar es Salaam, au mashine tu isiyo na mtu, inabonyeza na simu yako inakuwa kipande cha kioo. Hujasikilizwa, hujapewa notisi ya maana. Hata ukiwa umeshalipa miezi kumi na mmoja kati ya kumi na mbili, inajifunga vilevile kama ya aliyelipa wiki moja. Mimi naona hiyo ni dhuluma, hata kama umebonyeza "nakubali".

Na hilo "nakubali" lenyewe! Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inataka mkataba uwe wa ridhaa huru. Ridhaa ya kitu ambacho hujakielewa ni ridhaa gani? Mikataba niliyoonyeshwa na watu hapa Mbinga ilikuwa ya Kiingereza, maandishi ya mchwa. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Yaani hakimu anatakiwa kuzungumza na bibi yako Kiswahili, ila muuza simu haoni sababu.

Ukienda kulalamika utazungushwa. TCRA wanasimamia mawasiliano, Benki Kuu inasimamia wakopeshaji chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, Tume ya Ushindani inalinda mlaji. Simu ya mkopo iko katikati ya hao watatu. Muuzaji akisema "hii sio riba, ni bei ya kulipa taratibu", tayari amepata upenyo. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo wa mikopo ya kidijitali na ikataja programu 69 zilizokopesha bila leseni. Safi, tunapongeza panapostahili. Lakini simu inayojifunga ni mkopo pia, na iwekwe wazi hivyo.

Kulinganisha mitandao nitapita haraka, maana bando zinabadilika kila siku na nikitaja bei leo kesho mtanicheka. Angalia kwanza mnara, sio simu. Voda, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, upi unashika shambani kwako na sio mjini Mbinga tu? Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya minara 758 vijijini. Diwani aulizwe kwetu umefika au bado. Halafu uliza kama simu imefungwa kwa laini moja. Tangu Machi 2017 una haki ya kuhama mtandao na namba yako ileile. Simu ikikataa laini nyingine, haki hiyo imebaki kwenye karatasi. Uliza pia programu ya kufungia simu inasoma nini: majina yako, meseji, mahali ulipo? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, itumieni.

Kuna kijana atasema, dada, tufanyeje sasa, simu tunazihitaji. Ni kweli, na simwambii mtu abaki na kitochi. Watu kumi mnaoaminiana, mchezo wa 25,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anapata 250,000 na kununua simu taslimu. Miezi kumi, simu kumi, riba sifuri. Najua 25,000 ya Februari ni ngumu. Basi changeni mara mbili mbili msimu wa malipo ya kahawa, Februari mpumzike. Mchezo mnaupangia kalenda wenyewe. Mkopo wa wakala umepangiwa.

Na tusisahau serikali inavyochangia ughali huu. Bajeti ya 2021 iliondoa VAT kwenye simu janja, bajeti ya 2022 ikairudisha, kwa hoja kwamba bei haikushuka. Mwaka mmoja! Kahawa yenyewe haizai kwa mwaka mmoja. Kwenye simu ya 250,000, asilimia 18 hiyo ni zaidi ya 38,000. Ukiweka na tozo ya miamala waliyotuletea Julai 2021 mpaka wananchi wakapiga kelele ikapunguzwa, mtaelewa kwa nini nasema hili ni suala la kisiasa.

Ninachopendekeza kikao kipitishe: tuandike barua kwa Baraza la watumiaji lililo chini ya TCRA, nakala Benki Kuu, tudai mkataba wa Kiswahili, jumla ya bei iandikwe juu kabisa, notisi kabla ya kufunga, na mpango wa malipo ya msimu kwa wakulima. Barua bila ushahidi haisomwi. Kesho kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba nitakuwa kwenye ofisi ya chama ya kata. Njoo na simu yako, ujumbe wa malipo, na mkataba kama ulipewa. Kama hukupewa, njoo useme hivyo, nitaandika hivyo. Majina hayatatoka nje bila ruhusa ya mwenyewe.

Maswali sasa. Naona mama pale ameshanyoosha mkono tangu kwenye zile hesabu.